Kabla ya Njiti ya Kiberiti

Jiko la peleti likigoma kuwaka, wote waliomo jikoni humtazama aliyeshika kiberiti. Nililiona hilo Murukulazo, wilayani Ngara, kwa shangazi yangu, vuli imekolea na mvua haijaachia tangu alfajiri. Binti wa nyumba, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko dogo la chuma. Feni yake inavuma, moshi mweupe mzito unapanda hadi kwenye mabati, na mwali hakuna. Mzee wa nyumba akapita mlangoni, akachungulia, akasema, “Huyu, moto haumpendi.” Akaenda zake barazani kusubiri chai.

Nataka kumtetea binti huyo. Utetezi wenyewe utakuwa mrefu kidogo na utapita njia za pembeni, kwa sababu moto uliogoma asubuhi ile ulikuwa umeshagoma siku nyingi kabla, na yeye alikuwa mtu wa mwisho tu kuufikia.

Wasiolijua jiko la namna hii wasidhani ni jiko la mkaa lililong'arishwa. Peleti ni vumbi la mbao, au mabua na maganda yaliyosagwa, ambalo hukaushwa kisha likashindiliwa kwa nguvu kubwa kwenye matundu ya chuma mpaka litoke vipande vifupi vyembamba, unene wa milimita 6 au 8. Kwa kawaida hakuna gundi inayotiwa. Joto la kule kushindiliwa hulainisha lignini, ile asili ya mti inayoshikilia nyuzi zake, na ikipoa hukigandisha kipande kizima. Peleti nzuri huwa na unyevu usiofika asilimia 10. Ukuni uliokatwa jana, nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji.

Ukishajaza peleti kwenye tumbo la jiko, huwashi chini. Unawasha juu. Hapa ndipo akina mama wengi waliozoea mafiga hushangaa, kwa kuwa tangu utotoni wamefundishwa kwamba moto huingizwa chini ya kuni ukapanda wenyewe. Kwenye jiko hili moto unashuka. Tabaka la juu likishika, joto lake huzikaanga peleti za chini yake, nazo hutoa gesi. Hewa kidogo inayopenya kwenye matundu ya chini huisukuma gesi hiyo ipande kupitia makaa mekundu, na ikifika mdomoni mwa jiko inakutana na hewa nyingi zaidi inayoingia kwa duara la matundu ya juu. Hapo ndipo mwali unapokaa. Mti hauungui kwa namna macho yanavyotuambia. Mwali tunaouona ni gesi iliyotoka ndani ya mti, na kazi yote ya kuwasha ni kuupasha mti joto la kutosha ili uanze kuitoa gesi hiyo, na mahali pa kuichoma pawe tayari.

Sasa mtazame binti na kiberiti chake. Njiti moja ikiungua yote hutoa joto la kilojuli 1 hivi. Kuigeuza gramu moja ya maji baridi iwe mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 2.5. Njiti nzima, basi, haiwezi kukausha hata nusu gramu ya maji, na hapo tumejifanya kwamba joto lake lote limeingia kwenye peleti, wakati sehemu kubwa hupotelea hewani na nyingine huishia kwenye vidole. Tena kitu kilicholowa hakipandi joto kupita nyuzi 100 mpaka maji yake yaondoke, na gesi za kuwaka hazitoki kwa wingi mpaka kipite nyuzi 200 na kitu. Binti anaweza kumaliza kiberiti kizima akiwa anachemsha unyevu tu. Atapata mvuke na moshi, na lawama juu yake.

Unyevu huo ulitoka wapi? Gunia liliteremshwa na binamu yangu, dereva wa malori yanayopita Rusumo, ambaye kila apatapo nafasi huleta peleti kama wengine waletavyo sukari. Aliyelipokea ni mzee wa nyumba. Alilisimamisha kwenye sakafu ya stoo, mdomo wazi, mgongo umeegemea ukuta wa tofali mbichi unaovuta maji kila mvua inyeshapo. Hakukusudia ubaya. Gunia la mahindi angeliweka juu ya magogo, maana mahindi anayajua. La peleti aliliona ni kuni tu zilizokatwa vizuri.

Hazina tabia ya kuni. Kuni husamehe. Ukuni ulionyeshewa ukiuanika juani, au ukiuweka karibu na moto, utarudi ulivyokuwa. Peleti ikishanyonya maji huvimba, hupasuka, ikarudi kuwa vumbi la mbao, na ukilianika vumbi hilo litakauka lakini halitakuwa peleti tena. Kwenye tumbo la jiko linaziba nafasi za hewa, na jiko linalotegemea hewa ipite katikati ya vipande linakabwa. Nilipochovya mkono kwenye gunia nikakuta chini kabisa pamekuwa kama pumba za kuku.

Tuna methali isemayo palipo na moshi hapakosi moto. Yeyote aliyewahi kupika kwa kuni mbichi anajua kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa mbali na jiko, anayetazama kilima cha ng'ambo. Ukiwa karibu, moshi mzito ni habari ya kinyume: ile gesi imetoka, lakini haikukutana na mwali. Ni chakula cha moto kinachopaa kikaenda zake bila kuliwa. Ndiyo maana mtu anayejua jiko la peleti akiona moshi mweupe baada ya mwali kuzima haongezi peleti, wala haongezi feni kwa pupa. Hupunguza feni, akapitisha kijiti kinachowaka juu ya mdomo wa jiko, gesi ikalipuka kwa kishindo kidogo na moshi ukakata papo hapo. Binti aliongeza feni. Nani alimfundisha vingine? Maelezo ya jiko yalikuwa ni michoro kwenye karatasi iliyobaki ndani ya boksi, na boksi lilishageuzwa kiota cha kuku.

Na feni yenyewe. Inaendeshwa na betri inayojazwa na paneli ndogo ya sola iliyolazwa juu ya bati. Siku za kiangazi hakuna neno. Vuli ikikolea, jua la Ngara hutoka saa chache kisha mawingu yakafunga, na umeme mdogo unaopatikana una foleni yake: kwanza simu ya mzee, kisha redio ya mzee, kisha taa, kisha jiko. Feni iliyodhoofika huvuma vilevile kama iliyoshiba, ila hewa inayotoka haitoshi. Ukiisikiliza kwa sikio hugundui. Weka kiganja juu ya tundu.

Sitawachosha na majivu ya jana yaliyoziba matundu ya chini, ingawa ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, wala na kosa la kujaza jiko mpaka likapita duara la matundu ya juu, kosa analolifanya kila anayetaka maharage yaive kwa mkupuo mmoja. Hayo hurekebishika kwa dakika mbili. Linalonikalia kichwani ni jambo jingine, ambalo shangazi alilisema bila kulikusudia, akiwa anamenya ndizi: “Zamani sisi hatukuwa tunawasha.”

Nilidhani ametia chumvi. Hakutia. Katika jiko la mafiga la utoto wake, kuwasha moto upya kabisa kulikuwa tukio la nadra. Usiku, baada ya chakula, gogo moja nene lilisogezwa pembeni na kaa lake likafukiwa majivuni. Alfajiri majivu yalifukuliwa, kaa likiwa bado jekundu, juu yake zikawekwa nyasi kavu, majani ya migomba yaliyokauka, magunzi ya mahindi, mtu akapuliza. Kama kaa limekufa, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae, akarudi mbio na moto wa watu. Kesho jirani naye angetuma. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na kuni za kesho na keshokutwa zilikuwa zinakaushwa hapo na moshi wa leo. Unyevu ule ambao njiti ya kiberiti haiwezi kuuondoa ulikuwa umeshaondolewa polepole, siku nyingi, na moto uliokuwa unafanya kazi nyingine.

Kwa hiyo aliyeamka kupuliza kaa hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwapo aliyelifukia jana, aliyepanga uchaga juzi, aliyepasua kuni mwezi uliopita, na jirani aliyelala na kaa lake. Moto uliposhindikana walau kulikuwa na mlango wa kubisha hodi.

Jiko la peleti limekata kamba hiyo yote. Chakula kikishaiva, mzigo wa peleti umekwisha, jiko linazimwa, na mlo unaofuata unaanza na jiko baridi. Wengi hawawezi kuongeza peleti katikati ya mapishi bila kuharibu mpangilio wa moto unaoshuka. Hakuna kaa la kufukia hadi kesho, na kaa la kuazima kwa jirani halisaidii kitu likiwa peke yake juu ya peleti zilizolowa. Kila mlo ni mwanzo mpya, na kila mwanzo mpya unamdai mtu mmoja, kwa dakika chache, awe amekamilisha kazi ambayo zamani iligawanywa kwa watu wengi na siku nyingi. Tumepata jiko lenye moshi mdogo sana likiwaka. Gharama yake ni kwamba kuwasha, ambako kulikuwa kazi ndogo kuliko zote za jikoni, kumekuwa ndiyo kazi kubwa.

Silisemi hili kwa kuyatamani mafiga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na shangazi mwenyewe ana kikohozi ambacho hakuna anayehitaji takwimu kukieleza. Pia wilaya hii imeona kuni zikiisha. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Wakawekwa Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara. Aprili ni masika. Fikiria moto wa kwanza wa usiku ule: kuni mbichi, ardhi tope, kiberiti kilicholala mfukoni mwa mtu aliyenyeshewa njia nzima.

Wakimbizi walipogawiwa chakula, sehemu kubwa ilikuwa mahindi ya punje na maharage makavu, vyakula vinavyodai moto wa saa nyingi. Tena huku juu, penye mwinuko wa mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, na maharage yanazihisi zile tano zilizopungua. Watu walikata kilichokuwa karibu, kisha wakaenda mbali zaidi, kisha visiki vikachimbuliwa. Wanawake na wasichana ndio waliotembea, na si wote waliorudi salama. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Kambi ya Lukole, waliyokaa Warundi, iliendelea hadi ilipofungwa mwaka 2008. Mtu mzima wa Ngara ukimwambia kwamba kuni ni za bure atakutazama mara mbili.

Wala si ajabu kwamba jiko la kuwashwa juu lina ukoo wake katika makambi. Mnorwe Paal Wendelbo alilikuza lake, aliloliita Peko Pe, kaskazini mwa Uganda, upande wa Adjumani, kwa ajili ya wakimbizi wasio na kuni: mkebe wa bati unaokula nyasi na vijiti vilivyokatwa vifupi. Huko Marekani, Thomas Reed alikuwa amelifikia wazo hilohilo miaka ya 1980 kwa njia yake mwenyewe. Jiko la Wendelbo halikuwa na feni wala betri. Hewa ilivutwa na joto lenyewe, na ukikosa nyasi kavu ulijua umekosa nyasi kavu. Kosa lilionekana kwa macho. Tulipoongeza feni tuliongeza nguvu na usafi wa mwali, na tukaongeza mahali pa kosa kujificha.

Rwanda, kampuni ya Inyenyeri, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mmarekani Eric Reynolds, ilikwenda mbali zaidi kuliko wengi. Kutoka Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, ilitengeneza peleti na kuwapa wateja majiko bila kuwauzia. Mteja alilipia peleti tu, na wa kijijini aliweza kuleta vijiti vyake akabadilishiwa peleti. Huduma ikafika hadi kambi ya Kigeme ya wakimbizi wa Kongo. Ninavyouona mpango huo, waliouwaza walikuwa wamekielewa kile alichokisema shangazi: jiko ni kipande kidogo, na kilicho kikubwa ni mnyororo unaoleta kitu kikavu mpaka mlangoni, wiki baada ya wiki, pamoja na fundi wa kugonga hodi feni ikifa. Walijaribu kuujenga upya ujirani ule kwa njia ya biashara. Mwaka 2020 kampuni ikasimamisha kazi kwa kukosa fedha. Ile siku peleti zilipokoma kuja, majiko ya watu hayakuwa na ubovu wowote. Fundi angeyafungua yote asione kasoro, na yasingewaka.

Kuna binamu mwingine, huyu anaishi kaskazini mwa Italia, nchi inayoongoza Ulaya kwa majiko ya peleti ya majumbani. Lake halipiki. Linapasha chumba joto wakati wa baridi, na ni kubwa kama kabati. Parafujo ndefu inayozunguka huteremsha peleti kidogo kidogo kwenye bakuli la chuma, kijiti cha umeme kinapata wekundu nyuma yake, feni inavuta hewa, na kifaa kinachopima joto kinasubiri. Dakika kadhaa zikipita bila mwali, jiko linajizima na kuandika kosa kwenye kioo chake. Alitutumia video ya kioo hicho, analalamika kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kitaliano. Shangazi akaitazama mpaka mwisho. “Mwambie peleti zake zimelowa,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kesi.

Hazikuwa zimelowa. Fundi alikuja, akasafisha bakuli, akapima, akakuta kijiti cha umeme kimekufa. Ni kipuri kinachochakaa, hubadilishwa, maisha yakaendelea. Shangazi hakuipenda habari hiyo. Mimi niliipenda, kwa kuwa ilinizuia kuandika makala ya kuisifu hekima ya jikoni kana kwamba inatosha kila mahali. Maarifa yake ni ya kuni, hewa na majivu, na ndani ya hayo ana uwezo kuliko karatasi yoyote ya michoro. Kijiti cha umeme hakimo. Ila tazama tofauti moja: jiko la Italia lilipogoma lilijiandika lenyewe kuwa ndilo lenye kosa. Hakuna aliyemwambia binamu yangu kwamba moto haumpendi.

Mwezi Mei 2024, jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa juu ya jambo hilo hilo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwisha kuambiwa ziache kuni na mkaa. Mitungi ya gesi imegawiwa katika hafla nyingi, na picha zake tumeziona: akina mama wamepanga mstari, kila mmoja na mtungi wake, mheshimiwa katikati. Ninalitakia mema lengo hilo, wala sina kinyongo na mtungi. Wasiwasi wangu uko kwenye kuhesabu. Vifaa huhesabika kirahisi siku ya kugawa. Kujaza mtungi kwa mara ya pili, au kupata gunia la pili la peleti, ni habari ya barabara, ya mfuko wa mtu, na ya duka lililo umbali gani kutoka Murukulazo. Hapigwi picha mtu anayejaza mtungi mara ya pili.

Mtu akija na dodoso kwa shangazi na kuuliza kama kaya ina jiko safi la kupikia, jibu la kweli ni ndiyo. Lipo, limefutwa vumbi. Akiuliza linatumikaje, atapata jibu refu ambalo huenda halina kisanduku chake. Kiangazi linapika chai na uji, na linapika vizuri: dakika chache, sufuria haina masizi, binti anawahi shule. Maharage yanabaki kwa mafiga, kwa kuwa mzigo mmoja wa peleti hauyaivishi. Vuli na masika linategemea binamu kapita lini, gunia limekaa wapi, na nani kachaji simu. Ndani ya mwaka mmoja kaya hiyohiyo inaingia kwenye nishati safi na kutoka, mara nyingi, bila ya mtu yeyote kubadili mawazo.

Kuna malighafi humu jirani, kama ni hilo linalouliziwa. Viwanda vya mbao huacha vumbi linalochomwa ovyo pembeni, na upande wa Chato, ng'ambo ya Biharamulo, shamba la miti la Silayo linakua. Kagera ina maganda ya kahawa. Siyo kwamba hakuna cha kushindilia. Kinachokosekana ni mtu wa katikati: mwenye mashine ya kukausha, mwenye stoo isiyovuja, mwenye pikipiki ya kupeleka gunia dogo kwa bei ya siku, na anayejua kwamba mfuko uwe na ukubwa wa kumalizwa kabla haujakaa wazi wiki tatu. Kazi hizo hazina mvuto. Zamani zilifanywa na uchaga na jirani bila kulipwa.

Binti, kwa upande wake, alilitatua la kwake kabla sijamaliza kuandika. Alizichekecha peleti kwa ungo, vumbi akalitenga, nzima akazimimina kwenye debe lenye mfuniko. Sasa kila anapotaka kuwasha huchukua konzi moja, huizungushia vibanzi vyembamba vya mkaratusi vilivyokaushwa, akaiweka juu kabisa. Tabaka hilo dogo ndilo analolipa kiberiti, nalo ndilo linalozikausha zilizo chini. Betri ya jiko ameiwekea alama ya rangi ya kucha ili mtu asiichomoe kuchajia simu. Mzee alilalamika siku moja, kisha akazoea.

Debe lenyewe amelitundika pembeni mwa uchaga, kando ya mafiga, mahali panapofikiwa na joto lakini si na cheche. Ni mahali pakavu kuliko pote katika nyumba ile, na ni pakavu kwa sababu chini yake kuna moto wa kuni unaotoa moshi kila siku tangu nyumba ijengwe. Jiko safi linawaka vuli hii kwa hisani ya lile chafu. Mafiga yakiondolewa, kama mkakati unavyotaka na kama kikohozi cha shangazi kinavyotaka, debe litahitaji ukavu kutoka kwingine: bati lisilovuja, sakafu iliyoinuliwa, ukuta usiovuta maji. Nimemuuliza fundi wa hapa kijijini stoo ya namna hiyo ni shilingi ngapi. Amenipa hesabu, na ni zaidi ya bei ya jiko.